Tuwaendee Walipo: Wanafunzi Weusi wa Marekani na Somo la Fizikia

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi katika muhadhara wa Ramadhan, baada ya swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah Subhanahu wa Taala, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.



Amma baad. Najua saa hizi swaumu imeshaanza kutubana, koo zimekauka na harufu ya sambusa inatufikia kutoka jikoni, kwa hivyo sitawaweka sana. Nimepewa mada ya elimu na vijana. Nasaha za kwamba elimu ni faradhi tumezisikia tangu tukiwa wadogo, na kwamba aya za mwanzo kuteremshwa zinaamrisha kusoma, hilo hata mtoto wa darasa la kwanza la madrasa atakwambia. Leo nataka niwasimulie habari za watu walio mbali nasi, Wamarekani weusi, na vile walivyohangaika kuwaingiza watoto wao katika somo linaloogopwa pengine kuliko yote. Somo lenyewe ni fizikia.

Mtu atauliza, sisi na wao wapi na wapi? Kwanza, wako miongoni mwao walio ndugu zetu katika dini. Pili, walichopambana nacho ni neno moja ambalo hata hapa mitaani kwetu tunalisikia: "Hilo si somo la watu kama nyinyi." Tuangalie walilijibu vipi, wapi walifaulu na wapi walikwama.

Waliozuiwa kusoma

Waafrika waliopelekwa Marekani kwa utumwa hawakuwa wote watu wasiojua kusoma. Miongoni mwao walikuwemo Waislamu wa Afrika Magharibi waliosoma vyuoni kama tulivyosoma sisi. Mmoja wao ni Omar ibn Said, mzaliwa wa nchi tunayoiita leo Senegal. Mwaka 1831, akiwa mtumwa katika jimbo la North Carolina, aliandika maisha yake kwa mkono wake, kwa lugha ya Kiarabu. Na katika jimbo hilo hilo, miaka hiyo hiyo, sheria ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika. Yaani mtu ni msomi, lakini anaishi chini ya sheria inayosema mfano wake hafai kufundishwa.

Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865. Miaka 11 tu baadaye, mwaka 1876, kijana mweusi aliyeitwa Edward Bouchet alipata shahada ya udaktari wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Yale. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya daraja hiyo nchini mwake. Kwa elimu ile alistahili kufundisha chuo kikuu na kupewa maabara yake ya utafiti. Hakupata. Alikwenda Philadelphia akafundisha sayansi katika shule ya watoto weusi kwa miaka 26.

Mmarekani mweusi wa pili kupata udaktari wa fizikia ni Elmer Imes, mwaka 1918, mwaka ambao Bouchet alifariki. Pigeni hesabu wenyewe: ni miaka 42. Je, katika miaka yote hiyo hakuzaliwa mtoto mweusi hata mmoja mwenye akili ya kuielewa fizikia? Walizaliwa. Akili Mwenyezi Mungu hakuigawa kwa rangi. Kilichokosekana ni njia. Na mwanamke wa kwanza mweusi wa Marekani kupata shahada hiyo, Willie Hobbs Moore, aliipata mwaka 1972. Yaani kuna watu walio hai leo waliokuwa watu wazima wakati huo.

Na njia yenyewe ilizibwa mapema, mtoto akiwa bado mdogo. Mwaka 1959, katika mji mdogo wa Lake City, jimbo la South Carolina, mtoto wa miaka 9 aitwaye Ronald McNair alikwenda maktaba kuazima vitabu vya sayansi. Mwenye maktaba akamwambia hapa hatuazimi vitabu kwa weusi, ondoka au nitaita polisi. Mtoto akapanda juu ya meza, akakaa, akasema atasubiri. Polisi wakaja, mama yake akaja, na mwisho wa maneno mtoto akatoka na vitabu vyake. Kisa hiki amekisimulia nduguye, Carl.

Mtoto yule alikuja kupata udaktari wa fizikia mwaka 1976, katika chuo cha teknolojia cha MIT, akiwa bingwa wa miale ya leza. Mwaka 1984 alikwenda angani. Akafariki Januari 1986 chombo cha Challenger kilipolipuka. Leo jengo lile la maktaba ni makumbusho yenye jina lake. Lakini ndugu zangu, tusiishie kusema mashaallah. Tujiulize, ni watoto wangapi walioambiwa "ondoka", wakaondoka? Si kila mtoto ana ujasiri wa kukaa juu ya meza polisi wakiitwa. Na haifai tuwangoje watoto wawe mashujaa ndiyo wapate kusoma.

Daawa ya elimu

Hapa ndipo linapokuja jambo ninalotaka mlishike. Mtu wa daawa hakai msikitini akingoja watu waje. Anawaendea walipo, barazani, sokoni, kiwanjani. Anazungumza nao kwa lugha yao. Akimpata mmoja hamwachi, anarudi tena na tena. Baadhi ya wanafizikia weusi wa Marekani walifanya hivyo hivyo kwa elimu.

Mfano ni Shirley Ann Jackson. Alipoingia MIT mwaka 1964 wanafunzi weusi pale walikuwa wachache mno. Pamoja na uzito wa masomo na upweke wa kukosa mwenzake, alikuwa akienda mtaa wa Roxbury, mtaa wa weusi mjini Boston, kuwasaidia watoto masomo yao. Hakungoja amalize kwanza. Mwaka 1973 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kupata udaktari katika chuo kile, na baadaye akaongoza tume ya serikali inayosimamia usalama wa nguvu za nyuklia.

Mfano wa pili ni George Carruthers. Alipokuwa na miaka 10 alijitengenezea darubini kwa mirija ya makaratasi magumu na lenzi alizoagiza kwa posta. Baba yake akafariki angali mdogo, na mama akahamia Chicago na watoto wake. Mtoto yule ndiye aliyekuja kuunda kamera ya kupiga picha kwa miale ambayo jicho la mwanadamu haliioni, na mwezi wa Aprili 1972 wanaanga wa Apollo 16 wakaisimamisha juu ya mwezi. Ilipiga picha za dunia na nyota kutoka kule, na kamera yenyewe iko huko mpaka leo. Mwezi huu huu tunaopanda juu ya mapaa kuutafuta!

Lakini Carruthers hakubaki akitazama kamera yake. Kwa miaka mingi alijitolea kuwafundisha wanafunzi na walimu wa shule za mji wa Washington, na tangu 2002 akafundisha katika Chuo Kikuu cha Howard, ambacho tangu asili ni chuo cha weusi. Fikirini mtoto wa mtaa anaingia darasani, mwalimu aliyesimama mbele yake ana kazi ya mkono wake juu ya mwezi, na ngozi yake ni kama ya mtoto. Neno la "si somo la watu kama nyinyi" linavunjika hapo hapo, bila ya khutba.

Na kwa kuwa mkono mmoja haulei mwana, mwaka 1977 waliungana wakaunda Chama cha Taifa cha Wanafizikia Weusi, katika Chuo Kikuu cha Morgan State mjini Baltimore. Katika mikutano ya chama hicho mwanafunzi aliyekuwa peke yake darasani kwao hukutana na wenzake, akaona kumbe wapo.

Hesabu kabla ya fizikia

Sasa tuangalie ugonjwa wenyewe uko wapi. Katika shule nyingi za Marekani mwanafunzi huanza na baiolojia, kisha kemia, na fizikia huja mwisho, tena mara nyingi kwa hiari. Shule isiyokuwa na mwalimu wa fizikia hulifuta tu somo. Na takwimu za Wizara ya Elimu ya huko zimeonyesha mara kwa mara kwamba shule zenye wanafunzi wengi weusi ndizo zenye uwezekano mkubwa wa kukosa somo hilo. Basi mtoto hajashindwa na fizikia. Hajakutana nayo.

Lakini kuna kizingiti kilicho nyuma zaidi, nacho ni hesabu. Fizikia inazungumza kwa lugha ya aljebra. Mtoto asiyeanza aljebra akiwa na miaka 13 au 14 hufika mwisho wa sekondari bila ya hesabu ambazo chuo kikuu kinazitaka. Kwa hivyo ukimwendea mwaka wa mwisho kumwambia asome fizikia, umechelewa. Uamuzi ulishakatwa zamani, na yeye hakuulizwa.

Aliyeliona hili vizuri ni Robert Moses, na huyu ana udugu na sisi wa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1960 alikuwa miongoni mwa viongozi wa harakati za kuwapatia weusi wa Mississippi haki ya kupiga kura, akapigwa na kufungwa. Mwaka 1969 akahamia Tanzania na mkewe, akawa mwalimu wa hesabu huko Same, chini ya milima ya Upare. Bintiyao wa kwanza walimpa jina la Kiswahili, Maisha. Walirejea Marekani mwaka 1976.

Maisha alipofika darasa la nane, baba akaona shule yake haifundishi aljebra. Mwalimu akamwambia njoo umfundishe hapa hapa darasani. Akaja, akawafundisha na wenzake. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mradi wa Aljebra, mwaka 1982. Moses akisema kwamba katika zama hizi mtu asiyejua hesabu ni kama yule wa zamani asiyejua kusoma: hata ukimpa kura, hana sauti. Kwa hivyo kwake yeye aljebra ilikuwa ni haki ya raia, si mapambo ya wachache.

Na alifundisha vipi? Aliwapandisha watoto treni ya mjini. Wakishuka wanachora safari yao. Kituo cha kuanzia kinaitwa sufuri. Vituo vya upande huu ni moja, mbili, tatu. Vya upande wa pili ni kasoro moja, kasoro mbili. Mtoto aliyekuwa akiogopa namba hasi anaziona kumbe ni safari ya kurudi nyuma. Alichukua kitu wanachokijua akakipandisha mpaka kwenye wasichokijua. Ustadh mzuri wa madrasa anaijua njia hiyo.

Jambo la mwisho kuhusu mradi huo ndilo linalotuhusu sisi vijana hasa. Mwaka 1996 vijana waliopitia mikononi mwake, wakiwemo wanawe, walianzisha mradi wao wenyewe ambapo wanafunzi wa sekondari na vyuo wanawafundisha hesabu watoto wa chini yao. Mtoto wa miaka 11 humwogopa profesa, lakini kaka wa mtaani aliyemtangulia miaka mitano hamwogopi. Anamuuliza hata swali analoliona la kijinga.

Mgeni aliyeachwa mlangoni

Zipo pia juhudi za aina nyingine, za maonyesho. Vyuo vikuu kadhaa vya huko hupeleka magari mashuleni yakiwa na vifaa. Mtu analala juu ya kitanda cha misumari na hachomwi, kwa kuwa uzito wake umegawanyika juu ya misumari mingi, kila mmoja ukabeba kidogo. Ua linatumbukizwa katika naitrojeni iliyopoozwa mpaka ikawa maji, likitoka linavunjika kama kigae. Watoto wanapiga makelele ya furaha. Hili ni zuri, na wako waliopendezwa na sayansi siku kama hiyo. Lakini gari likiondoka, kesho darasani hakuna mwalimu wa fizikia wala vifaa, kile kilichowashwa kitazimika. Cheche bila ya kuni haipiki futari.

Na hapa lazima tuseme kweli. Pamoja na juhudi zote hizo, mwishoni mwa miaka ya 1990 weusi walipata kama asilimia 5 ya shahada za kwanza za fizikia Marekani. Miaka 20 baadaye, badala ya kupanda, wakashuka chini ya asilimia 4, na hali weusi ni kama asilimia 13 ya watu wa nchi ile. Kwa nini? Taasisi ya Fizikia ya Marekani iliunda jopo la kuchunguza, na ripoti ikatoka Januari 2020. Ilisema tatizo halikuwa akili za wanafunzi wala hamu yao. Ilitaja mambo matano: mwanafunzi kujihisi ni mmoja wa pale, kujiona na kuonwa kuwa ni mwanafizikia, kusaidiwa masomo, kusaidiwa mahitaji ya maisha, hasa pesa, na uongozi wa idara kuwa tayari kubadilika.

Kwa lugha yetu ni hivi. Umemwalika mgeni futari. Amekuja, amefika mlangoni. Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyesogea kumpa nafasi kwenye mkeka, na wengine wanatazamana kama wanaouliza huyu kaletwa na nani. Mgeni huyo akirudi kwao akala tende yake peke yake, utasema hakuwa na njaa? Kumwalika ni kazi, lakini kumkirimu ndiyo kazi kubwa zaidi. Jopo lile liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 idadi ya wanaohitimu iwe angalau maradufu, na likasema wa kubadilika kwanza ni mwenye nyumba.

Na wako waliokwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Tangu mwaka 2004, mjini Nashville, Chuo Kikuu cha Fisk, ambacho ni cha weusi, na Chuo Kikuu cha Vanderbilt wameshirikiana kujenga daraja. Mwanafunzi anafanya shahada ya pili Fisk huku tayari anajuana na walimu na maabara za Vanderbilt, ili akivuka kwenda kusomea udaktari asiwe mgeni. Hawakumrahisishia fizikia. Walimwondolea ugeni.

Lakini miradi inayotegemea fedha za serikali haina dhamana. Mwaka 2025 shirika la serikali ya Marekani linalogharimia sayansi lilifuta ruzuku nyingi, na sehemu kubwa ilikuwa ya kuwavutia wanafunzi wa jamii zilizoachwa nyuma. Kalamu moja, na kazi ya miaka ikasimama. Kilichobaki ni kile kilichokuwa hakitegemei ruzuku: mwalimu anayejitolea, kijana anayefundisha wadogo zake, mzazi anayepanda na mwanawe treni akimhesabia vituo.

Sisi tunachukua nini?

Waislamu hatuna udhuru wa kuiona fizikia kama kitu cha wageni. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alichunguza mwanga na jicho miaka 1000 iliyopita, na kitabu chake kilisomwa Ulaya kwa karne nyingi. Lakini kujivuna na Ibn al-Haytham hakutamsaidia mtoto wa hapa ambaye keshokutwa anachagua masomo na hana wa kumuuliza.

Kwa hivyo nina nukta tatu, kisha nimalize.

Ya kwanza kwa wazazi wetu. Msimwambie mtoto, na hasa mtoto wa kike, kwamba hesabu na fizikia si zake. Neno la mama halifutiki upesi. Shirley Jackson na Willie Hobbs Moore walikuwa mabinti wa watu kama hawa mabinti zetu.

Ya pili kwa maustadh wetu. Madrasa zetu zina kitu ambacho Wamarekani wale wanakitafuta kwa fedha nyingi: mtoto anakuja kila wiki, kwa miaka, na anajihisi yuko kwao. Tukitenga saa moja Jumamosi ya hesabu na majaribio madogo ya sayansi, mgeni wetu ameshakaa mkekani tayari.

Ya tatu kwetu sisi tuliobahatika kufika chuo kikuu. Tukirudi likizo tusiishie barazani. Kila mmoja ashike watoto wawili watatu wa mtaani kwake, awafuate walipo, na asiwaache mpaka wavuke. Usingoje umalize. Usingoje mfadhili. Elimu yenye manufaa ni katika amali zisizokatika mtu akifa, na mwezi wa kuianza ni huu.

Tumuombe Allah Subhanahu wa Taala atutakabalie swaumu zetu na visimamo vyetu, awafungulie watoto wetu na watoto wa ndugu zetu popote walipo milango ya elimu, na atujaalie tuwe wenye kuifungua wala tusiwe wenye kuifunga. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.